Kamati Iliyokwenda Kuona Jioni

Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa Vuli, mwaka wa kumi na mbili wa utawala wa Mfalme Nyati. Asubuhi hiyo ilikuwa na ukungu mzito, na manyunyu yalikuwa yakidondoka kidogo kidogo, yale yasiyotosha kunywesha mmea lakini yanayotosha kuharibu karatasi. Tangazo lililobandikwa kwenye lango la shule lilikuwa limeanza kuvuja wino upande wa chini.

Bi Punda alisimama mbele ya tangazo hilo na mzigo wa mawe mgongoni. Alilisoma polepole, silabi moja baada ya nyingine, midomo ikicheza. Banda la jioni litafungwa baada ya siku arobaini, jua linapozama, lipate kutumika kama ghala la madawati yaliyovunjika. Umoja wa Wanafunzi ukiwa na pingamizi, ulilete likiwa na muhuri. Chini yake palikuwa na jina la Ngiri, Waziri wa Elimu, na mistari mingine midogo ambayo maji yalikuwa yamekwisha kuila.

Hilo lilikuwa tangazo la kwanza maishani mwake alilolisoma mwenyewe, bila kumwomba mtu. Alitaka kufurahi, akashindwa.

Ufalme wa Tambarare ulikuwa na mpango mzuri kwa yeyote aliyeutazama kutoka juu. Mfalme alitawala, mawaziri walimsifu, na wadogo walishukuru. Wenye nafasi walisoma mchana, katika madarasa yenye madirisha. Waliofanya kazi mchana walisoma jioni katika banda moja la makuti nyuma ya shule, wakifundishwa na Mwalimu Bundi, ambaye nusu ya nchi ilimkimbia kwa kuamini kwamba analeta mikosi. Wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kupata mikosi yao kabla ya kumjua, kwa hiyo hawakumwogopa.

Miaka kumi na minne nyuma, Bi Punda aliweka ukwato wenye wino juu ya karatasi ya machimbo ya mawe. Aliambiwa ni kazi ya msimu mmoja. Msimu huo ulikuwa haujaisha. Wenye machimbo walisema karatasi inamfunga yeye na uzao wake, na binti yake angetimiza umri wa kufungwa kamba baada ya mavuno. Lakini sheria ya Tambarare ilikuwa na ibara moja ya huruma: mnyama akisimama mbele ya hakimu, akausoma mkataba wake kwa sauti kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, ana haki ya kuukataa. Waliotunga ibara hiyo waliitunga kwa moyo mtulivu, maana waliwajua punda.

Hawakumjua huyu. Alikuwa amekwisha kuzijua herufi za chapa zote. Kilichobaki ni mwandiko wa kuunganisha, kwa sababu mkataba wake uliandikwa kwa mkono, herufi zikiwa zimeshikana mikia kama kima wanaovuka tawi. Mwalimu Bundi alikuwa ameahidi kuanza somo hilo mwezi wa tatu kutoka hapo. Banda likifungwa, somo halipo. Somo lisipokuwapo, binti yake angefungwa kamba.

Bi Punda alisali palepale, kwa ufupi, kwa kuwa mawe yalikuwa mazito. Kisha akaenda kwenye ofisi ya Umoja.

Umoja wa Wanafunzi wa Tambarare ulianzishwa kwa kusudi moja, kuwatetea wanafunzi mbele ya Serikali. Rais wake alikuwa Mheshimiwa Tausi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kwa mwaka wa tisa sasa. Katibu wake alikuwa Karani-tamba, ndege mwenye miguu mirefu na manyoya yaliyochomoza kisogoni kama kalamu, naye aliandika kila kitu kinachosemwa kikaoni, hata kikohozi.

"Shikamoo, mama," alisema Katibu bila kuinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na shida."

"Shida!" Katibu aliinua kichwa, macho yaking'aa. "Karibu sana, mama, keti. Bila shida Umoja huu ungekufa. Ni shida ya aina gani?"

Bi Punda alimweleza. Katibu aliandika mpaka mwisho, akapuliza wino ukauka.

"Ninachoomba ni muhuri tu," alisema Bi Punda. "Wanasema mkigonga muhuri, banda halifungwi."

"Muhuri ule pale." Katibu alionyesha kwa bawa. Ulikuwa juu ya meza ya Rais, umefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. "Unauona?"

"Nauona."

"Ni hatua nne kutoka hapa."

"Basi, mwanangu..."

"Kwa miguu ni hatua nne, mama. Kwa utaratibu ni kamati tano."

Akamweleza jinsi Umoja unavyofanya kazi, na alimweleza kwa upendo, kama mtu anayeonyesha shamba lake. Zilikuwepo kamati thelathini na moja. Kila kamati iliundwa kwa kufuata Kanuni ya Kutopendelea, kwamba mtu anayeumizwa na jambo asikae kwenye kamati ya jambo hilo, asije akapendelea. Ndiyo maana Kamati ya Maji iliongozwa na Ngamia, ambaye kiu humjia mara chache. Kamati ya Chakula cha Shule iliongozwa na Chatu, anayekula mara moja kwa mwezi na kulala siku zinazobaki. Kamati ya Barabara Mbovu ilikuwa chini ya Korongo, aliyeshangaa kila mara akisikia kwamba kuna wanaopita chini.

"Na Kamati ya Masomo ya Jioni?" aliuliza Bi Punda.

"Mwenyekiti ni Ndugu Jogoo. Wajumbe ni Njiwa na Kanga. Waadilifu kabisa! Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuiona jioni. Jua likigusa mlima tu, wameshasinzia."

Bi Punda alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo moja. Nisipokutajia nitakuwa nimekudhulumu." Katibu alifunua katiba. "Ibara ya sabini na moja. Jambo lolote lililoitikiwa na Mkutano Mkuu wote kwa sauti moja haliendi kwenye kamati. Hugongwa muhuri palepale."

"Imewahi kutokea?"

Katibu alicheka mpaka manyoya ya kisogoni yakatikisika. "Wanafunzi wote waitikie jambo moja? Mama, mwaka jana tulipiga kura kama mvua inanyesha au hainyeshi. Tukagawanyika nusu kwa nusu. Na wote tulikuwa tumelowa."

Kamati ya Masomo ya Jioni ilikutana siku ya nane, saa sita mchana. Saa sita Bi Punda alikuwa machimboni. Jirani yake wa dawati, Popo, alijitolea kumwakilisha, kijana mwenye ulimi mkali na usingizi mzito. Alifika mapema kweli, akajining'iniza kwenye boriti ili asipitwe, na akalala kichwa chini mpaka kikao kikaisha. Mwalimu Bundi alizuiwa mlangoni, kwa kuwa mwalimu si mwanafunzi. Kumbukumbu za siku hiyo zilikuwa fupi: Mlalamikaji hakufika. Kamati inachukulia kwamba ameridhika.

Bi Punda alipoletewa nakala bandani, aliisoma mwenyewe. Alirudia neno la mwisho mara tatu.

"Wamesema umeridhika, shangazi," alisema Popo, akijikuna kwa aibu. "Hongera."

"Nyamaza, we mlala boritini."

Siku ya kumi na tano ilikuwa vilevile, nayo siku ya kumi na tisa kadhalika. Kamati iliandika kwamba mlalamikaji sasa ameridhika mara tatu, jambo lililoonyesha utulivu wa hali ya juu katika sekta ya jioni.

Siku ya ishirini na sita Bi Punda hakula. Machimbo yaliwapa mapumziko mafupi adhuhuri, naye aliyatumia kukimbia, mawe mgongoni, mpaka ukumbi wa kamati. Aliingia akihema, vumbi jeupe limemjaa kope. Jogoo alikuwa amesimama juu ya kiti, maana kukaa kulimpunguzia heshima. Njiwa na Kanga walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake, wakitafuna punje.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema Bi Punda, "ni mimi yule aliyeridhika. Sijaridhika."

Njiwa alishtuka. "Amekuja! Mwenyekiti, tuna kiti cha mlalamikaji?"

"Hatukuwahi kukihitaji," alisema Kanga.

"Nitasimama. Mwenye mawe mgongoni akikaa, hainuki." Bi Punda alipata pumzi. "Zimebaki siku kumi na nne. Naomba mpeleke jina la banda mbele tupate muhuri. Tunasoma jioni kwa kuwa mchana si wetu. Mkifunga jioni, mmetufunga sisi."

Jogoo aliinamisha kichwa upande mmoja, jicho moja likimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alijivuna, lakini alikuwa na jambo moja alilolifanya kwa uaminifu maisha yake yote, nalo ni kuamsha nchi kila alfajiri ili wanaosali wasali. Hakuwahi kukosa hata mara moja. Bi Punda alimheshimu kwa hilo, maana ni sauti yake iliyomwinua kila siku.

"Maneno yako yanagusa, mama," alisema Jogoo. "Lakini kamati haiwezi kutetea kitu ambacho haijakieleza. Jioni ni nini hasa?"

"Ni baada ya jua kuzama."

"Baada ya jua kuzama kuna nini?"

"Kuna sisi."

Kanga alinong'ona, "Mimi nilidhani kunakuja asubuhi moja kwa moja."

"Na mimi," alisema Njiwa. "Nafumba macho, nafumbua, kumekucha. Huyu mama anasema katikati hapo kuna kitu?"

"Kuna darasa zima, mwanangu. Kuna taa, kuna ubao, kuna wanyama ishirini na wawili."

"Katikati hapo!" alisema Njiwa, akimtazama kwa huruma, kama anayetazama mgonjwa wa homa.

Wakajadiliana. Jogoo alitaka ukweli, na alitaka uonekane kwa macho. Basi kamati ikaazimia kwa kauli moja kwamba itafanya safari ya mafunzo kwenda bandani, ikaione jioni yenyewe, kisha itoe taarifa. Bi Punda alishukuru, akatoka mbio. Njiani alimshukuru Mungu pia, kwa kuwa aliamini kwamba mtu akikiona kitu atakisema.

Walikwenda siku ya thelathini na moja. Walikuwa na kitambaa kilichoandikwa jina la kamati, kikapu cha mahindi na ratiba: kuwasili, utambulisho, kuiona jioni, maswali, shukrani. Walifika saa kumi, jua likiwa bado kali, wakakaa juu ya gogo mbele ya mlango wa banda wakiutazama upande wa magharibi kwa umakini mkubwa.

"Ikija tutaijuaje?" aliuliza Njiwa.

"Kaa macho, ndugu mjumbe," alisema Jogoo. "Tuko kazini."

Jua liligusa mlima. Kanga aliinamisha kichwa. Njiwa akaingiza mdomo kwenye bawa. Jogoo alipigana na usingizi, alisimama kwa mguu mmoja, akabadilisha mguu, akafungua mdomo aseme jambo, na akalala hivyo hivyo, mdomo wazi.

Wanafunzi wa jioni walipofika waliikuta kamati yao imepangwa juu ya gogo kama vibuyu.

"Ndiyo hawa wanaotutetea?" aliuliza Popo. "Mwalimu, niwaamshe? Nina njia tatu, na zote zinauma."

"Waache," alisema Mwalimu Bundi. "Kila mmoja ana saa yake."

Bi Punda aliwatazama muda mrefu. Moyo wake ulikuwa umejaa hasira, na alijua kwamba hasira hiyo ni ya haki. Lakini umande ulikuwa umeanza kushuka. Alivua gunia lake, lile la kuzuia mawe yasimchune mgongo, akawafunika wote watatu. Kisha akaingia darasani, akasoma mpaka mwisho wa kipindi. Siku iliyofuata alibeba mawe bila gunia.

Taarifa ya kamati ilitoka siku ya thelathini na tatu, kurasa kumi na moja. Sehemu iliyosomwa na wengi ilikuwa hii: Kamati ilifika bandani saa kumi na kukaa hapo mfululizo hadi alfajiri. Katika muda wote huo, jioni haikuonekana. Aidha, kamati ilifunikwa kwa gunia na mtu asiyefahamika. Inapendekezwa safari ya pili, mwakani, kwa mahindi zaidi.

Wajumbe wawili walitia saini. Jogoo aliishika kalamu, akaitua. Alisema ana mafua.

Siku ya thelathini na tisa ulikuja Mkutano Mkuu. Asubuhi hiyo haikuwa na wingu hata moja. Wanafunzi wa nchi nzima walijaa ukumbini, na harufu ya pilau ilikuwa imetangulia kuingia kabla ya wajumbe. Waziri Ngiri alikuwa mgeni rasmi, na askari wake wenye kufuli walisimama mlangoni. Machimbo yalikuwa yamefungwa kwa heshima yake, ndiyo maana Bi Punda alipata nafasi ya kuwapo.

Kwa desturi sala ya kufungua mkutano iliombwa na Korongo, lakini Korongo alikuwa kwenye safari ya mafunzo kuhusu barabara, angani. Tausi alimwita Katibu pembeni.

"Tafuta mtu mwingine wa kusali. Awe mwanafunzi wa kawaida, aonekane kwenye picha. Mnyenyekevu kidogo."

"Yuko Bi Punda, Mheshimiwa. Anasali kila siku."

"Mzuri. Umwambie asizidishe dakika mbili."

Bi Punda alipanda jukwaani. Alikuwa ameikariri sala ya Umoja, ile ya kuombea viongozi hekima na wajumbe safari njema. Alifunga macho. Ukumbi wote ulifunga macho, na kila mmoja akaanza kuwaza ya kwake, zaidi pilau. Bi Punda alifungua mdomo, na ile sala aliyoikariri haikuwamo.

"Ee Mungu," alisema, "uliyemuumba tausi na ukamuumba punda, na hukumwomba yeyote kati yao ushauri. Asante kwa kuniamsha. Wewe, anayekuita mchana unamsikia, na anayekuita jioni unamsikia, wala humwambii kwamba hakufika. Baba, kesho jua likizama banda letu litafungwa. Nina mtoto, unamjua. Nimebakiza somo moja ili nimwokoe. Sisi sote tulio katika ukumbi huu tunakuja mbele zako, tunakataa banda hilo kufungwa, na tunakuomba mkono wowote unaoweza kulizuia uzuie leo. Uwasamehe wanaolifunga, kwa kuwa hawajawahi kukaa humo. Umbariki Mheshimiwa Rais. Umbariki Waziri, umpe afya na usingizi mwema. Tunaomba haya tukiamini."

Akafumbua macho.

"Aaamina!" uliitika ukumbi mzima, kwa mshindo uliotikisa mapazia. Tausi aliitikia kwa sauti tamu kuliko wote. Waziri Ngiri aliitikia kwa sauti nzito. Hata Chatu, aliyekuwa amelala tangu mwezi uliopita, aliitikia.

Mshindo huo ulimwamsha Popo, aliyekuwa akining'inia kwenye boriti toka alfajiri.

"Ibara ya sabini na moja!" alipiga kelele kabla hajafumbua macho vizuri. "Mkutano wote, kwa sauti moja! Katibu, umeandika?"

Karani-tamba alitazama karatasi yake. Kama kawaida alikuwa ameandika yote, tangu neno la kwanza mpaka kikohozi cha Ngamia.

"Nimeandika," alisema kwa sauti ndogo. "Sisi sote tulio katika ukumbi huu tunakataa banda hilo kufungwa. Mkutano ukaitikia: Amina. Sauti moja."

Tausi alikunjua mkia wake wote, kama alivyofanya kila alipokosa la kusema. "Ndugu wajumbe, Amina ya sala si kura!"

"Katiba haisemi kura, Mheshimiwa," alisema Katibu, naye alionekana kushangazwa na mdomo wake mwenyewe. "Inasema kuitikiwa."

"Basi jambo hili ni zito. Linahitaji utulivu. Naunda kamati, Kamati ya Kuchunguza Amina, itutenganishie walioitikia kwa kumaanisha na walioitikia kwa mazoea."

Makofi machache yalipigwa. Kuunda kamati kulikuwa hakujawahi kukosa makofi.

"Vizuri," alisema Katibu, akichovya kalamu. "Kwa Kanuni ya Kutopendelea, wajumbe wake lazima wawe wale ambao hawakuitikia. Nani hakuitikia? Naomba majina."

Tausi alimtazama Ngamia, Ngamia akatazama sakafu. Wengine waliutazama mdomo wa Bi Punda, wakiogopa ataanza kusali tena.

"Au basi," alisema Popo kutoka juu, "asimame yule aliyemdanganya Mungu. Mmoja tu anatosha kuwa mwenyekiti. Jamani, mbona mnasukumana? Leo cheo kiko wazi, na hakuna anayekigombea!"

Kicheko kilipita ukumbini, na kikafa upesi.

Bi Punda alikuwa bado jukwaani. Hakuwa amepanga lolote. Alijiuliza kama ametenda dhambi kwa kuileta shida yake pale bila kuulizwa, kisha akakumbuka kwamba hajui sala ya aina nyingine.

Ndipo Jogoo aliposimama. Alitembea mpaka mbele, kilemba chake chekundu kimelala upande.

"Mimi niliitikia," alisema. "Na kila alfajiri ni mimi ninayewaita ninyi msali. Leo nikisema Amina yangu haikuwa na maana, basi miaka yote hii nimekuwa nikiwapigia kelele tu." Alimgeukia Bi Punda. "Mama, lile gunia lilikuwa na alama ya machimbo. Niliiona nilipoamka. Niliacha waandike kwamba hajulikani. Nisamehe."

"Nilishakusamehe, baba," alisema Bi Punda. "Ila lilikuwa gunia langu la pekee."

Jogoo aliinama. Kisha akaenda mpaka meza ya Rais, akaondoa kile kitambaa cha kufuma, akausukuma muhuri kwa mdomo mpaka mbele ya Tausi. Tausi aliwatazama wanafunzi, nao walikuwa wengi, macho yao yote kwenye muhuri. Akagonga. Ulikuwa mlio mdogo tu, kama punje inayodondoka kwenye sinia.

Waziri Ngiri alisimama akitabasamu.

"Nawapongeza," alisema. "Serikali ya Mfalme Nyati inaheshimu utaratibu. Nadhani mlisoma mistari ya chini ya tangazo langu?"

Bi Punda aliukumbuka wino uliovuja.

"Hamkusoma. Haidhuru, nitawasomea." Alitoa nakala yake kavu. "Pingamizi litasomwa kwa sauti mlangoni mwa banda, jua likiwa limekwisha kuzama, kabla askari hawajatia kufuli. Na litasomwa na mwenyekiti wa kamati inayohusika, si mtu mwingine. Asipolisoma, pingamizi limekufa." Alimtazama Jogoo kutoka kilemba hadi kucha. "Mwenyekiti ni wewe, nadhani? Nakutakia usingizi mwema."

Alicheka, na waliomzoea wakacheka naye. Hata baadhi ya marafiki walicheka, kwa kuwa nchi nzima ilijua kwamba jua likigusa mlima, Jogoo hayupo duniani. Njiwa alianza kulia. Tausi alikunja mkia wake taratibu, uso ukiwa na nafuu.

Bi Punda alishuka jukwaani, akaenda kusimama karibu na Jogoo, ubavu wake wenye makovu ukimgusa bawa.

"Baba," alimwambia kwa sauti ya chini, "wewe umeniamsha miaka kumi na minne. Kesho nitakuamsha mimi. Popo atakaa juu yako, na unamjua mdomo wake. Mwalimu atashika taa. Ukiegemea, utaniegemea mimi, nami nitasogea. Lakini kufumbua macho ni kwako. Hilo sitaweza kukubebea."

Jogoo alitazama dirishani. Jua lilikuwa bado juu, halina haraka. Aliruka juu ya kiti kilichokuwa karibu, akanyoosha shingo kama afanyavyo alfajiri, akasema kwa sauti iliyowafikia wote, waliokaa na waliosimama, mpaka kwa askari wenye kufuli mlangoni:

"Mbele ya Mungu niliyemwitikia, na mbele yenu nyote mlioitikia pamoja nami, mimi Jogoo naahidi: kesho jua likizama, mtanikuta macho."